Gia Tano za Sista Ethel

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Kusini yote hii, kuanzia Mtwara mpaka Tunduru, hakuna anayejua magari kunizidi mimi Mujibu. Sijisifu – nasema ukweli! Injini ikikohoa Nanganga, mimi hapa Masasi napata mafua. Mama anasema nilipozaliwa sikulia kama watoto wengine, nilinguruma. Na shule haikunishinda, watu wasiseme. Niliiacha mwenyewe kidato cha pili, nikaionea huruma, ilikuwa imeishiwa cha kunifundisha.

Leo gereji limeingia gari. Gari! Si hizi Noah zinazonuka samaki mkavu. Celica ya zamani, milango miwili, pua ndefu, rangi ya bibo lililoiva. Kaja nalo mwenyewe, Sista Ethel, mkunga mstaafu. Bibi kabisa, miwani nyeusi, kanga begani, anashuka garini kama anashuka jukwaani. Aliuziwa na injinia mmoja Mzungu wa barabara aliyekuwa anarudi kwao, mimi sijazaliwa.

Nikampa shikamoo yangu ya heshima. Akajibu, "Marahaba, mume wangu. Umekuwa mrefu! Siku ya kwanza nilikushika miguu, kichwa chini, ukanikojolea." Mbele ya watu! Huruma, mwenzangu wa gereji, kijana wa Nanganga asiyecheka hata akitekenywa, alicheka mpaka spana ikamdondokea kidole. Safi.

Anachotaka Sista: gia tano. Gari lake lina nne tu, na sasa barabara ya Newala ina lami, ukifika ya nne linalia kama mbuzi wa mnadani, linaomba nyingine na haipo. Na anataka kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Mjukuu wake Wema anatoka malangoni siku hiyo, ule unyago wa kanisani. Sista mwenyewe atamwendesha mwali kutoka kanisani Newala mpaka nyumbani.

Fundi Barnaba, bosi wetu, akauliza kama kuna kingine kinachosumbua. Breki? Rivasi? Sista akasema kwao mwali harudishwi nyuma, wala hakanyagi chini mpaka afike kwenye mkeka wa bibi yake. Mbele tu!

Nimeipenda hiyo. Mbele tu. Kama mimi.

Jumatano, 4 Desemba

Giaboksi imefika kwa basi kutoka Dar, imefungwa kwenye gunia kama mbuzi aliyeibwa. Ya gia tano. Imetoka kwenye gari la ukoo uleule lililokwisha kufa. Niliibeba begani peke yangu kutoka stendi ili watu waone. Waliona. Bega limevimba, lakini waliona.

Halafu neno kubwa. Fundi katuita, mimi na Huruma, akasema ana kibanda Newala, kina bati, kina shimo la kuingilia chini ya gari, hakina mtu. Anataka kukifungua Januari. Kazi hii ya Celica ndiyo atakayoiangalia. Atakayeifanya vizuri ndiye atakayekwenda kukishika.

Huruma kasema tu, "Sawa, Fundi." Sawa! Mtu anaambiwa habari ya pepo anajibu kama kaambiwa chai tayari.

Mimi sijatulia tangu hapo. Nimekaa, nimesimama. Nimetoka nje nikarudi. Naliona jina kwenye bati: MUJIBU. Chini yake: FUNDI WA MAGARI YA MBIO. Nimechoka na Masasi. Nimechoka kuitwa "we dogo, leta jeki". Newala kuna baridi, kuna watu wa heshima, na hakuna anayekumbuka kwamba niliwahi kutumbukiza funguo za gari la mchungaji chooni.

Ijumaa, 6 Desemba

Giaboksi ya zamani imeshuka. Oili imenimwagikia sikioni, leo nasikia vizuri zaidi.

Tatizo la kwanza: hii mpya imeizidi ya zamani urefu kwa kiganja kizima. Kwa hiyo propela, lile bomba linalozunguka chini ya gari kupeleka nguvu nyuma, limekuwa refu mno. Lazima likatwe, liungwe tena. Mimi nikasema tukate, tuchome, twende. Huruma kachukua chaki, kaweka alama huku na huku, kapima, kapima tena. Nikamwuliza anashona suti? Akasema likiungwa likiwa limepinda gari litatetemeka mpaka Sista ang'oke meno. Nikamwambia Sista ana meno ya bandia, hayang'oki, yanavuliwa tu.

Fundi kacheka. Lakini kasema fuateni chaki ya Huruma.

Usiku wa kuamkia leo sikulala vizuri. Huruma chumba kimoja na mimi, analala kama gogo. Mtu mwenye shindano hawezi kulala vile! Au hajui kama tunashindana?

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Wengine wamekwenda uwanjani, sisi tumefungua tumbo la giaboksi. Ndani safi, gia zinang'aa kama vikombe vya ligi. Isipokuwa moja. Kagia kadogo ka rivasi. Kenyewe kanakaa peke yake kwenye kamtaimbo kake, kazi yake kuingia katikati ili gari lirudi nyuma. Jino moja limemeguka.

Fundi alikuwa anaondoka. Lori la korosho limekufa Nanganga, mwenye mzigo anapiga simu anataka kulia. Akasema katakuwa kanapiga kelele hako, na siku jino jingine likimeguka litazunguka humo ndani na kula gia zote. Tusifunge. Huruma aende Mtwara kutafuta kengine, mimi nioshe vilivyobaki, nisubiri.

Nisubiri. Mimi!

Jumanne, 10 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Nimeosha gia zote. Nimeziosha tena. Nimefagia. Nimekula ming'oko ya kuchemsha mpaka yule mama muuzaji kaniuliza kama nina mimba. Nimempigia Huruma: amezunguka maduka yote, hakuna. Kuna mmoja kamwambia labda wiki ijayo kutoka Dar.

Wiki ijayo! Mwali anatoka Jumamosi!

Nikakaa nikatazama ile giaboksi. Gia tano za mbele, zote nzima. Kagia kamoja kabovu, ka kurudi nyuma. Nani kamwita? Sista mwenyewe kasema mwali harudishwi nyuma. Gari la mbio linarudi nyuma wapi?

Nimekatoa.

Nimekatoa kagia, nimeacha kamtaimbo kake kapweke, nimefunga kifuniko, nimekaza bolti zote. Nimezungusha kwa mkono. Kimya! Laini! Kama kukoroga uji. Ukiingiza rivasi mkono wa gia unaingia vizuri kabisa, unasikia "kwa", hakuna kinachotokea tu. Hakuna hatari yoyote. Baada ya sherehe nitalirudisha gari gereji kwa kisingizio, nitaweka kengine, na dunia itaendelea.

Huruma karudi jioni kaloa, mikono mitupu, uso umemshuka. Nikamwambia asijali, nimekapata kengine kwenye machuma ya nyuma ya gereji. Kanishika mkono kwa mikono miwili. "Kaka, we kiboko." Fundi karudi naye nikamwambia hivyohivyo. Kaniangalia, kasema vizuri.

Uongo mdogo. Nimewahi kusema mikubwa zaidi kwa watu wazuri zaidi.

Jumatano, 11 Desemba

Imepanda! Mimi nimeinua, Huruma kalenga, Fundi kaingiza bolti. Propela limeingia kama kidole kwenye pete. Mkono wa gia kaufunga Huruma, na kale kafimbo kanakouunganisha na giaboksi. Kafunga, kafungua, kafunga tena. Nilitaka kumpiga na nyundo.

Alhamisi, 12 Desemba

TANO! Nimeingiza gia ya tano kwenye lami ya Nanganga mimi mwenyewe, Fundi kakaa pembeni! Injini ikashusha pumzi, sauti ikazama, gari likateleza tu. Halitetemeki hata kidogo (sawa, chaki ya Huruma, nimesema). Wauza mahindi barabarani wamesimama. Mbuzi wamesimama. Pale Nanganga niligeuzia uwanjani, mzunguko mkubwa, vumbi juu, Fundi akadhani ni mbwembwe.

Sista kaja mchana. Kazunguka gari lake kama anamkagua mtoto mchanga, kahesabu vidole. Kakaa, injini imezimwa, kajaribu gia moja moja. Ya tano iko wapi? Nikamwonyesha. Na rivasi? Nikamwonyesha: kulia, chini. Kavuta. Kwa. "Ipo, mume wangu?"

Nikasema ipo, Bibi.

Kanipiga kofi la shavu la upendo. Kasema mimi nitakaa naye garini siku yenyewe, fundi wa mwali. Nimenunua miwani nyeusi.

Ijumaa, 13 Desemba

Newala! Tumepanda mlima gari halijaona aibu. Sista kaendesha, mimi pembeni, Fundi na Huruma nyuma kwa pikipiki wanakula moshi wetu. Anaendesha kwa kanga shingoni na mkono mmoja, akiongea. Kaniambia amezalisha nusu ya Masasi na hakuna hata mmoja aliyeshukuru siku ileile. Kaniambia Wema ni mtoto wa binti yake marehemu. Amemlea peke yake. Siku hii aliingoja, kasema, kama mwanamke anavyongoja uchungu uishe.

Nyumba yake iko ukingoni kabisa, uwanda unakatika pale, chini unaona nchi mpaka Msumbiji. Uani kaingia, kauzunguka mkorosho, kasimama pua ikitazama njia. Hata rivasi hakuihitaji. Unaona? Hakuhitaji!

Nimekwenda kukiona kibanda. Bati lipo. Mlango una kufuli kubwa. Nimesimama pale mpaka mtoto akaniuliza nimepotea?

 

Jumamosi, 14 Desemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie kanisani.

Walitoka wali wengi, Wema wetu ndiye mdogo wao. Gauni la kitenge kipya, viatu vyeupe, kichwa chini kama inavyotakiwa, mwavuli juu. Vigelegele! Unga kwenye nywele! Sista kafuta gari kwa kanga yake mwenyewe. Nyuma tukaingia mimi na Mama Bibiana, mlezi wake wa malango, mwanamke wa kujaza kiti na nusu ya kiti changu. Mbele Wema, pembeni ya bibi yake. Gari la milango miwili hilo. Ukikaa nyuma hutoki mpaka wa mbele ashuke kwanza. Nilikuwa nalijua. Sikuliwazia.

Lami tukapita kwa nderemo, akina mama wanaimba nyuma, pikipiki honi, Fundi kwenye moja, Huruma kwenye nyingine. Mimi miwani usoni, nawapungia watu kama mbunge. Tukakunja kushika njia ya ukingoni. Njia yenyewe imeliwa na mvua, mifereji mirefu huku na huku, katikati gari moja tu linapita. Tunateremka, gia ya kwanza, pole pole.

Mbele, kwenye kona ya mikorosho, likatokea jeneza.

Wanaume wamelibeba mabegani, wanapanda, tahlili chini chini, ile ninayoijua tangu utoto. Msiba wa Kiislamu. Wa watu wangu. Wakasimama. Na sisi tukasimama. Nyimbo nyuma zikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Kila mtu anajua. Furaha ndiyo inayopisha msiba. Hata mtoto anajua. Sista kainamisha kichwa kuwaomba radhi, kasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu Wema, hii haihesabiki kurudi. Tunampisha marehemu." Kashika gia. Kulia, chini. Kwa.

Akaachia klachi. Injini ikapiga kelele. Gari halikwenda.

Akarudia. Kelele zaidi. Mbele ya maiti! Wale wabebaji wanatutazama, mabega yanawalemea, jasho linawatoka, na sisi tunawangurumia. "Mujibu, haishiki! Mujibu!"

Nikasema zima gari, Bibi, tusukume. Lakini mimi wa kusukuma niko nyuma. Nimekwama kama kuku kwenye tenga. Sista hawezi kushuka, kashikilia breki, ni mteremko. Nikajaribu kumruka Mama Bibiana nitokee dirishani kwa dereva, kanizuia kwa kiwiko. Alijua kabla yangu maana yake. "Asishuke!" anasema. "Mtoto asishuke!"

Wema kafungua mlango mwenyewe.

Kashuka. Viatu vyeupe kwenye tope, mpaka kwenye vifundo. Hajafika mkekani. Nyuma mwanamke mmoja kasema "Nnungu wangu!" na mwingine akaanza kulia. Kasogea pembeni, kafunga mwavuli, akauinamisha chini kwa ajili ya jeneza. Mtoto wa miaka kumi na mitatu. Hakuna aliyemwambia.

Tukasukuma. Mimi, Fundi, Huruma, watu wa pikipiki, na waombolezaji wawili waliotoka kwenye msafara wao kuja kutusaidia – hao ndio waliniua kabisa. Kurudi juu, topeni, tunateleza, mpaka njia panda. Miwani yangu ikaanguka, gari likaipita. Jeneza likapita. Mzee aliyekuwa mbele kasema, "Mungu awalipe kwa kutupisha." Awalipe!

Wema hakupanda tena. Alitembea mpaka nyumbani kwa miguu na matope yake. Hakuna aliyeimba. Sista alimpokea pale mkekani, akamvua viatu, akavishika mkononi muda mrefu.

Baadaye Fundi akatuita pembeni. Nani alifunga nini. Yakasemwa mengi. Huruma kasema labda ni yeye, labda kale kafimbo ka mkono wa gia hakukakaza vizuri. Yakasemwa mengine. Basi.

Jumapili, 15 Desemba

Mvua. Hakuna la kuandika.

Fundi kamwambia Huruma arudi kwao Nanganga kwanza, apumzike. Kasema "apumzike". Huruma kakunja nguo zake.

Jumatatu, 16 Desemba

Niko kibandani. Kibandani kwangu! Fundi kanipa ufunguo wa kufuli kubwa, kasema nianze sasa, nisingoje Januari, na kazi ya kwanza ni kufungua ile giaboksi na kurekebisha alichoharibu mwenzangu. Karudi Masasi.

Bati bado halina jina. Sijaliandika.

Asubuhi Sista kaja na gari. Halikurudi nyuma hata hatua, vijana wamelisukuma mpaka juu ya shimo. Hakuniita mume wangu. Nilitoa shikamoo, kasema "marahaba" peke yake, kama unavyomjibu mtu benki. Kavuta kiti, kakaa mlangoni. Anataka kuona, kasema. Ameona mengi yakitoka ndani ya watu, haogopi oili.

Nikamwuliza Wema anaendeleaje. Kasema hasemi. Akina mama wamekwishaanza maneno kisimani: mwali aliyekanyaga matope mbele ya maiti, huyo ataolewa na nani, huyo atazaa nini. Sista anasema ni upuuzi na yeye amezalisha watoto wa kila aina ya mikosi wakatoka wazima. Lakini alisema huku anatazama mikono yake.

Nimeshuka shimoni, nimepanda. Nimetafuta spana namba kumi na nne, ilikuwa mfukoni. Nimesema nakwenda kujisaidia, niko nyuma ya kibanda, naandika kwa kupiga magoti.

Simu imelia. Ujumbe wa Huruma. "Kaka hongera kwa kibanda. Ukifungua niambie nilikosea wapi ili nisirudie tena."

Nimeusoma mpaka macho yakauma.

Sista anaita. "We Mujibu! Mbona hufungui?"

Nikifungua ataona kamtaimbo kapweke. Kinachoniuma si kukatoa kagia – kagia ningesema, kagia ni ujinga, ningepigwa, ningefukuzwa, ningecheka baadaye. Siyo hilo. Jumamosi niliandika yakasemwa mengi. Hayakusemwa mengi. Huruma alisema: labda ni mimi, Fundi. Fundi akanigeukia, akauliza, Mujibu, ulikuwepo anafunga? Nami nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mzee, nikasema: nilimwambia akaze, Fundi, hakunisikia. Na Huruma akanitazama, akaniamini.